Nyumba Ikibaki Peke Yake: Kuyaandaa Mabomba kwa Safari Ndefu

Ndugu mwenyekiti, ndugu wenye nyumba na wapangaji, na nyinyi mafundi wenzangu mliokaa kule nyuma mkisubiri nikosee, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba itakayofungwa miezi mitatu, sita, pengine mwaka mzima, na hasa juu ya mabomba yake. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Bomba halina habari kwamba umesafiri. Litapasuka siku ileile ambayo lingepasuka ukiwa umelala chumbani. Tofauti ni nani atakayesikia. Ukiwapo utasikia mlio, utakanyaga zulia lililolowa, utakimbilia koki, na hasara itaishia kwenye ndoo mbili tatu na maneno makali kidogo. Usipokuwapo, maji yana muda wote yanaoutaka.

Hebu tupige hesabu. Mpira wa kuunganishia mashine ya kufulia ukichomoka, kumwaga lita 10 kwa dakika si jambo la ajabu. Hizo ni lita 600 kwa saa, lita 14,400 kwa siku. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani 14 zimemwagika sakafuni kati ya sasa hivi na kesho jioni. Na ile koki ya sinki inayodondosha tone moja kila sekunde, ambayo wengi wetu tumeshaizoea kama saa ya ukutani, inatoa lita 20 hivi kwa siku. Chururu si ndo ndo ndo, ni kweli, lakini mpe ndo ndo ndo miezi sita kwenye kabati la mbao lililofungwa, uje uone ubao umevimba na ukuta umeota ukungu.

Sasa, kazi yote nitakayoieleza imesimama juu ya jambo moja. Nyumba ina maji ya pande mbili. Yapo yanayoingia, yenye presha, yanayosubiri nyuma ya kila koki, ndani ya hita, kwenye tanki la choo. Na yapo yanayotoka, yaliyotulia kwenye vile vikunjo vya mabomba chini ya sinki, chini ya bafu, ndani ya bakuli la choo. Ya kwanza unayanyang'anya nguvu. Ya pili unahakikisha yanabaki palepale yalipo. Watu wengi hufunga ya kwanza na kusahau ya pili, wakarudi wakakuta nyumba kavu kabisa, lakini haikaliki kwa harufu.

Tuanze na yanayoingia. Wiki mbili kabla ya safari, itafute koki kuu. Nasema wiki mbili, si asubuhi ya safari na teksi inapiga honi getini. Kuna koki ya mkono, ile ya robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikaa msalaba yamefungwa. Hii haina maneno mengi. Kuna ya gurudumu, ya kuzungusha mara kadhaa, na hii ndiyo yenye vituko. Ikikaa miaka bila kuguswa hushika. Chuchumaa uitazame kwa karibu: pale shingoni, chuma cha gurudumu kinapoingia ndani, utaona pete nyeupe ya chokaa, na pengine ukijani wa shaba umechuruzika kando. Hiyo ni dalili kwamba haitakubali kirahisi. Usiipige nyundo. Usichomeke kipande cha bomba kwenye spana ili upate nguvu zaidi, kwa sababu chuma cha ndani hukatika, ukabaki na gurudumu mkononi na maji yanaendelea kupita kama hakuna kilichotokea. Izungushe kidogo kwenda, kidogo kurudi, na kila ikilegea ongeza. Ikigoma, hiyo ni kazi ya fundi, na kubadilisha koki ni nafuu kuliko kubadilisha sakafu.

Kabla hujaifunga, piga goti mbele ya mita. Funga kila koki ndani ya nyumba, mtu asivute choo, kisha uangalie uso wa mita. Nyingi zina kigurudumu kidogo au kipembetatu katikati ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kikitulia, uko salama. Kikitembea, hata kwa kusitasita, yapo maji yanakwenda mahali. Funga koki kuu uangalie tena: kikisimama, tatizo liko ndani ya nyumba; kikiendelea, ama bomba linavuja kabla ya kufika kwenye koki, ama koki yenyewe haifungi sawasawa. Mshukiwa wa kwanza ndani ya nyumba huwa ni choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usivute, urudi baada ya nusu saa. Ukikuta bakuli limepata rangi, raba ya chini ya tanki imechoka. Ni raba ndogo tu, lakini ndiyo inayowapa watu bili wasizozielewa.

Ukishafunga koki kuu, fungua koki iliyo chini kuliko zote, labda ile ya bustanini, uache maji yatoke mpaka nguvu yake iishe. Hapo umeondoa presha. Vuta choo mara moja tanki libaki tupu. Mipira ya mashine ya kufulia nayo ifungiwe kwenye koki zake ndogo. Kwa maoni yangu mpira ambao umeshapita miaka mitano uangaliwe kwa macho makali: ukiona uvimbe, nyuzi za chuma zilizokatika au kutu kwenye nati, usiupe nafasi ya kukuaga. Mlango wa mashine uache wazi, la sivyo ule mpira wa mlangoni utaota ukungu mweusi.

Nyumba yenye tanki la juu ina vyanzo viwili vya maji, ndugu zangu, na hapa ndipo watu hujidanganya. Umefunga koki ya mtaani, umepumua, unaondoka. Kumbe juu ya kichwa cha nyumba kuna lita 1,000 zinazosubiri kuteremka, na hazihitaji ruhusa ya koki kuu. Tanki lina koki yake ya kutokea, nayo ifungwe. Kama safari ni ndefu kweli, limwage kabisa, lisafishe tope la chini na uliache kavu na kifuniko kimebana. Bomba la kumwagia maji yanayozidi livalishwe wavu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hana shida na maji safi ya tanki. Kwenye joto anatoka yai hadi mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi au kidogo zaidi, na mayai yake yaliyobandikwa ukutani mwa chombo huweza kustahimili ukavu kwa miezi mingi. Ndiyo maana nimesema lisafishwe, lisuguliwe, si kumwagwa tu.

Pampu izimwe kwenye swichi yake ya ukutani. Zipo zinazojiwasha zenyewe presha ikishuka. Ukikata maji ukaiacha na umeme, itazunguka kavu mpaka sili yake, kile kizibo cha kuzuia maji yasivuje, iungue, na hakuna atakayekuwapo kuisikia ikilia.

Hita inataka utaratibu wake, na utaratibu huo haupinduliwi: umeme kwanza, maji baadaye. Zima umeme au gesi, acha ipoe, ndipo uguse maji. Koili ya hita ya umeme imetengenezwa ikae ndani ya maji. Ikiwashwa kwenye tanki tupu inaungua kwa muda mfupi sana. Yenye paneli za jua juu ya paa ina tabia tofauti, kwa sababu jua haliulizi kama upo. Maji yasipotumika huzidi kupata joto siku hadi siku, na vali ya usalama huanza kuyatema. Zifunike paneli kwa turubai la rangi nyepesi, ulifunge vizuri lisipeperuke. Na kama ni zile za mirija ya kioo na zimekaa kavu, usizijaze maji baridi saa sita mchana. Kioo cha moto kikikutana na maji baridi kinapasuka. Subiri alfajiri au jua likizama.

Swali linalogombanisha mafundi ni hili: baada ya kufunga, mabomba yaachwe na maji au yakaushwe? Najua wenzangu kule nyuma wana majibu yao. Langu ni kwamba inategemea kama mahali ulipo maji huganda. Kusikoganda, mimi huyaacha maji ndani yakiwa hayana presha. Raba za koki zikikauka kwa miezi hukakamaa na kupata nyufa, na ukirudi zote zinavuja kwa pamoja. Pia mabomba ya chuma yakimwagwa nusu hubaki na maji chini na hewa juu, na hapo kwenye mstari wa kukutania ndipo kutu hupata karamu yake. Kwa hiyo ama yajae, ama yakauke kabisa. Nusu nusu ndiyo mbaya kuliko zote.

Kunakoganda, sina mjadala: kausha. Maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na ni mabomba machache yanayoshinda nguvu hiyo. Wengi hudhani bomba hupasuka palepale penye barafu. Mara nyingi sivyo. Barafu inapokua inasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki iliyofungwa, presha inapanda bila pa kutokea, na bomba linafumuka mbele zaidi, pengine mahali ambapo hapakuganda kabisa. Ndiyo sababu baada ya kukausha unaacha koki zote wazi. Fungua za juu zipitishe hewa, fungua ya chini kabisa itoe maji, kisha fundi mwenye kompresa apulize mabaki yaliyojificha kwenye mabonde ya bomba. Hita nayo imwagwe. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo zina pampu ndogo zinazobakiza maji tumboni, msizisahau. Na mwenye mfumo wa kuzima moto unaomwaga maji kutoka darini asiufunge kiholela. Aongee kwanza na wanaousimamia.

Sasa tugeukie maji yanayotoka, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu ya somo hili kwa sababu haionekani. Fungua kabati chini ya sinki lolote. Bomba linashuka, linajikunja, linapanda kidogo, halafu linaingia ukutani. Ule mkunjo si urembo, wala si fundi alikosea vipimo. Ndani yake hukaa maji, kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi, na hayo ndiyo mlango pekee uliopo kati ya jikoni kwako na bomba la maji machafu. Hakuna kifuniko kingine. Ukitumia sinki kila siku, mlango huo unajirudishia wenyewe. Usipolitumia, maji yanapanda angani kidogo kidogo, na baada ya wiki kadhaa, kwenye joto na upepo mapema zaidi, mlango umefunguka. Gesi zinapanda. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi huizimisha pua, ukadhani imeondoka. Nyuma ya gesi wanafuata mende, na kwenye mabomba mapana hata panya.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya kuondoka, mimina maji kila tundu: masinki, mabafu, na hasa lile tundu la sakafuni kwenye kona ya bafu ambalo hakuna anayelikumbuka, ambalo kwa kawaida ndilo hukauka la kwanza. Kisha mimina vijiko vichache vya mafuta juu ya maji. Mafuta yanaelea, yanatandaza utando, na maji chini yake hayapati njia ya kupanda. Mafuta ya kupikia yanafanya kazi, lakini yakikaa miezi yanachacha na kunata. Mafuta mepesi yanayotokana na petroli, kama yale ya kupaka watoto, yanadumu. Ziba tundu kwa kizibo chake, au kwa karatasi ya nailoni na bakuli juu yake. Bakuli la choo lifunike kwa nailoni iliyobanwa chini ya kikalio, na ubandike karatasi kubwa ya kumkumbusha atakayeingia kwanza. Msinilazimishe kueleza kwa nini.

Kunakoganda, maji ya mikunjo nayo yataganda, kwa hiyo yanabadilishwa na maji ya kuzuia kuganda. Chagueni yenye propilini glikoli, yanayouzwa kwa kazi za mabomba. Yale ya redieta ya gari mengi yana ethilini glikoli, ambayo ni sumu. Hayana kazi ndani ya nyumba.

Kama kuna jirani au ndugu wa kuaminika, mpe ufunguo, mwonyeshe koki kuu kwa vidole vyake mwenyewe, aifunge na kuifungua mbele yako. Aje kila baada ya wiki tatu nne, amimine lita moja kila tundu, anuse, aangalie chini ya makabati. Na someni bima zenu. Nyingi zina kifungu cha nyumba isiyo na mtu, mara nyingi siku 30 au 60, na muda huo ukipita, hasara ya maji inaweza kubaki juu ya kichwa chako.

Nije kwenye kurudi, ambako watu huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Umefika, umechoka, una vumbi, unataka kuoga. Subiri.

Fungua madirisha kwanza. Funga koki zote ulizoziacha wazi, isipokuwa moja iliyo chini iachwe imelegezwa kidogo, halafu ufungue koki kuu taratibu, robo ya mwendo wake, usikilize. Ndani ya mabomba kuna hewa, na maji yakiingia kwa kishindo yataisukuma kama risasi na kugonga kila kona ya bomba. Ukisikia yanakohoa na kutema, ni sawa, acha yateme. Zunguka nyumba ukiangalia viungo kwa mkono mkavu. Kidole kinagundua unyevu kabla ya jicho. Toa vile vichujio vidogo vya mdomoni mwa koki kabla hujazifungua, maana kutu na chokaa iliyobanduka itaviziba vyote siku ya kwanza.

Maji yaliyolala si ya kunywa. Klorini yaliyokuja nayo imeshaisha nguvu, na kama kuna bomba la risasi au kiungo cha zamani cha shaba, madini yamepata muda wa kuyeyuka ndani yake. Acha maji baridi yatiririke mpaka uhisi yamebadilika ubaridi, yaani maji mapya ya mtaani yamefika, halafu uyape dakika kadhaa zaidi. Yatumieni kumwagilia miti, lakini si kwa bomba la kurusha manyunyu.

Manyunyu nayasema kwa sababu. Mwaka 1976 wanachama wa American Legion, chama cha askari wastaafu, walikutana hotelini Philadelphia, Marekani. Wengi wakaugua mapafu na zaidi ya 25 wakafa, na ilikuwa mwaka 1977 ndipo wanasayansi walipomtambua bakteria aliyehusika, akaitwa Legionella. Pale lawama ilielekezwa kwenye mnara wa kupozea hewa wa hoteli, lakini bakteria huyo hupenda maji yoyote ya uvuguvugu yaliyotulia, hasa kati ya nyuzi 25 na 45, na humwingia mtu kwa kuvuta matone madogo hewani kuliko kwa kunywa. Sasa fikirieni bafu la manyunyu lililolala miezi sita, na mtu amesimama chini yake amefumba macho. Fungua kichwa cha bafu ukitoe, au ukifunge ndani ya mfuko uliotobolewa chini, uache maji yatiririke kimyakimya, dirisha likiwa wazi na wewe ukiwa nje. Choo kivutwe mara ya kwanza kikiwa kimefunikwa, na ile nailoni imeshatolewa.

Hita inarudi kwa utaratibu uleule ukigeuzwa: maji kwanza, umeme baadaye. Fungua koki ya maji moto mpaka yatoke kwa mfululizo bila hewa, ndipo uwashe. Ipande hadi nyuzi 60 au zaidi, kisha upitishe maji hayo moto kwenye kila koki, ukiangalia usijichome. Na kama hita iliachwa na maji ndani yake, kuna onyo ambalo watengenezaji wenyewe huliweka na karibu hakuna anayelisoma: ikikaa wiki mbili au zaidi bila kutumika, inaweza kujikusanyia gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Fungua koki ya maji moto ya jikoni dakika kadhaa kabla hujatumia chombo chochote cha umeme kilichounganishwa na maji moto, na pasiwe na sigara wala moto karibu. Ukisikia mvumo wa hewa unatoka, ndiyo gesi hiyo inaondoka.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni kama aondoke shimo la choo likiwa limenyonywa maji taka. Mama, kama halijajaa, liache. Tanki la maji taka lililo tupu, hasa la plastiki, likiwa mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, linaweza kuelea na kunyanyuka, likang'oa mabomba yake. Likiwa na maji lina uzito wa kulituliza. Kama limekaribia kujaa, linyonywe mapema, kisha mlitumie wiki chache lirudishe kiasi chake kabla ya kufunga nyumba.

Nimemaliza kwa upande wangu. Naona mikono imeinuka kule kwa mafundi, tuanze na huko.